« Haiko mimi, ni mukono »: namna ya kuwaelezea watoto mjadala wa hiari

Kioo cha dirisha kimevunjika, jiwe limelala ndani ya nyumba, na mtoto wa miaka mitano amesimama uani akiutazama mkono wake. « Haiko mimi, ni mukono », anajitetea. Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Bunia ao Kindu, jibu la namna hiyo huleta kicheko, ao kofi, mara nyingine vyote viwili kwa zamu. Wazazi wachache hukaa chini na kumwuliza mtoto: mkono huo ni wa nani, na ni nani aliyeutuma?

Swali linaonekana dogo, lakini wanafalsafa wamelizunguka kwa zaidi ya miaka 2000 bila kulimaliza. Mtu anapofanya jambo, ni yeye kweli aliyelichagua? Ao kuna sababu zilizomsukuma bila yeye kuziona: damu, malezi, njaa, woga, ubongo, mapenzi ya Mungu? Kiswahili kina neno fupi kwa uwezo huo wa kuchagua: hiari. Wanafunzi wa humanités wanalikuta jambo hilo katika daftari la filozofia kwa jina la « libre arbitre », mara nyingi kama maneno ya kukariri kabla ya Examen d'État. Mtoto mdogo anakutana nalo mapema zaidi, siku anapoulizwa kwa mara ya kwanza: « Ulifanya vile juu ya nini? »

Mashariki mwa Kongo, jibu la mtu mzima lina uzito wake. Kuna mtoto anayeambiwa kwamba alizaliwa na roho mbaya. Kuna mwingine anayeambiwa kwamba ni damu ya baba yake inayoiba, si yeye. Na kuna yule aliyerudi kutoka msituni, alikobebeshwa bunduki, ambaye jirani anasema juu yake: « Alijitakia mwenyewe. » Wawili wa kwanza wananyang'anywa uwezo wote wa kuchagua. Wa tatu anatwikwa uchaguzi ambao pengine hakuwa nao. Kati ya pande hizo mbili kuna nafasi kubwa, na mtoto anaweza kuiona kama mtu atamwelezea kwa maneno ya nyumbani kwao.

Chukudu inayoteremka mlima

Mwaka wa 1674, mwanafalsafa Spinoza wa Uholanzi aliandika barua yenye mfano ambao mtoto yeyote anaweza kuushika. Jiwe limerushwa. Likiwa bado hewani, linapata akili: linajua kwamba linasonga mbele, lakini halijui kilicholisukuma. Jiwe hilo, anasema Spinoza, litaamini kwamba linaendelea na safari kwa sababu tu linapenda. Kwa maoni yake, watu nao wako hivyo: wanajua wanachokitaka, hawajui kilichowafanya wakitake.

Kwa mtoto wa Goma, jiwe linaweza kuwa chukudu. Imejaa viazi, inateremka kutoka upande wa Kibumba kuelekea mjini. Mwulize mtoto: chukudu imechagua kuteremka? Atacheka, mbao haichagui. Mwulize tena: na yule anayeiendesha? Hapo ubishi unaanza, na ni vizuri uanze. Mwenye chukudu hawezi kuamuru mlima uwe tambarare. Lakini anaona shimo mbele, anasikia mtu akimpigia kelele « Pole pole! », anageuza usukani, anapunguza mbio. Halafu mtoto mwerevu atauliza: lakini kwa nini alipita njia ile? Kwa sababu soko liko kule. Na kwa nini aende sokoni? Kwa sababu nyumbani wanangoja chakula. Kila jibu linazaa sababu nyingine nyuma yake.

Kufikia hapo, watoto wamekwisha kuziona kambi tatu za mjadala bila kutajiwa hata moja. Wa kwanza wanasema kila jambo lina sababu, na sababu ina sababu yake, mpaka mwanzo wa dunia. Mtu ni chukudu inayojidanganya kwamba inajiendesha. Mwaka wa 1814, Mfaransa Laplace alilisukuma wazo hilo mpaka mwisho: akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu duniani na nguvu zote zinazokisukuma, ingeweza kusoma kesho kama inavyosoma jana. Wa pili wanakataa: kuna mahali ndani ya mtu ambapo mnyororo huo unakatika, na mtu anaanzisha jambo jipya ambalo lingeweza pia lisianze. Wa tatu, na leo ndio wengi kati ya wanafalsafa, wanasema pande zote mbili zinatafuta uhuru mahali usipokuwa. Hata kama kila jambo lina sababu, bado kuna tofauti kubwa kati ya chukudu na mwenye kuiendesha: mmoja anaweza kusikia onyo na kugeuka, mwingine hawezi. Tofauti hiyo ndiyo hiari.

Kambi ya tatu ndiyo nyepesi kwa mtoto, kwa sababu inampa kazi ya kufanya: kutafuta usukani wake uko wapi. Lakini si haki kumficha kwamba hao wengine wawili bado wako na bado wanabisha. Majina ya kambi hizo, yale yanayoishia na « -isme », yanaweza kungoja chuo kikuu.

Vikombe 15 na kikombe kimoja

Si kila umri unasikia swali hili sawasawa. Mswisi Jean Piaget alichapisha mwaka wa 1932 kitabu juu ya namna watoto wanavyohukumu mema na mabaya. Aliwasimulia watoto habari za wavulana wawili. Wa kwanza anaitwa mezani, anasukuma mlango bila kujua kwamba nyuma yake kuna kiti chenye sinia la vikombe. Vikombe 15 vinavunjika. Wa pili anangoja mama yake atoke, anapanda juu ya kiti ili aibe konfitiri kabatini, na kuangusha kikombe kimoja. Nani mkosaji zaidi?

Watoto wadogo wengi walijibu: yule wa vikombe 15. Wanahesabu vipande. Wakubwa zaidi wanauliza alikusudia nini. Mzazi yeyote anaweza kurudia jaribio hilo jioni, akiweka sahani na sukari mahali pa vikombe na konfitiri, na majibu ya watoto wake yatamfunza kitu. Labda yatamfunza pia jambo fulani juu yake mwenyewe, maana watu wazima wengi, wakiona bei ya sahani, wanarudi kuhesabu vipande.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Marekani, kati yao Tamar Kushnir na Alison Gopnik, walitangaza matokeo ya maswali waliyowauliza watoto wa miaka 4 na wa miaka 6. Wote walijua kwamba mtu hawezi kuchagua kubaki akielea hewani baada ya kuruka: hata akitaka, ataanguka. Wote walikubali pia kwamba mtu anayefanya jambo la kawaida angeweza kufanya lingine. Lakini je, mtu anayetamani sana kula biskuti anaweza kuchagua kutoila? Wengi wa miaka 4 waliona kwamba hawezi. Anaitaka, basi ataila. Wa miaka 6 walianza kusema: anaweza, akijizuia.

Hilo linabadilisha mazungumzo ya jikoni. Kumwambia mtoto wa miaka 4 « ungeweza kuacha » ni kumwambia neno ambalo bado halina mahali pa kukaa kichwani mwake. Kwake, kutaka na kufanya bado ni kitu kimoja. Anachoweza kufunzwa kwanza ni kwamba kati ya hivyo viwili kuna mlango. Sentensi ya kutosha ni hii: « Ulitaka, nimesikia. Halafu ukafanya nini na kutaka kwako? » Mtoto wa miaka 6 ao 7 anaweza tayari kuulizwa angefanya nini kingine. Kanisa Katoliki nalo, katika sheria zake, linahesabu kwamba mtoto anakuwa na matumizi ya akili akitimiza miaka 7. Hesabu hiyo ni ya kale kuliko maabara yoyote.

Swali lilelile walipoulizwa watoto wa China, katika utafiti wa mwaka wa 2016, nao walionekana kumpa mtu uwezo zaidi wa kuchagua kadiri wanavyokua. Ila juu ya kujizuia, walimpa mtu nafasi ndogo kuliko watoto wa Marekani. Kumbe hata wazo la hiari linapikwa kidogo katika kila nyumba, na kila nyumba ina chumvi yake.

Anayengoja na asiyengoja

Kuna jaribio moja ambalo wazazi wengi wamelisikia, hata kama hawajui jina la mwenyewe. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford aliwaweka watoto mbele ya kitu kitamu: ukila sasa, utapata kimoja, ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili. Miaka mingi baadaye ilisemekana kwamba wale waliongoja walifaulu zaidi shuleni. Kutoka hapo lilizaliwa somo ambalo limezunguka dunia: mwenye nia atashinda, asiye na nia ni kosa lake.

Somo hilo lilikimbia mbio kuliko ushahidi. Mwaka wa 2018, watafiti wengine walirudia kazi hiyo kwa watoto zaidi ya 900. Walipoweka katika hesabu hali ya familia na malezi ya mtoto, sehemu kubwa ya tofauti ilipotea.

Jaribio ambalo linawagusa zaidi watoto wa hapa ni la Celeste Kidd na wenzake, mwaka wa 2013, huko Rochester, Marekani. Kabla ya kuwapa watoto kitu kitamu, waliwaahidi kalamu za rangi nzuri zaidi. Kwa watoto 14, mtu mzima alirudi na kalamu alizoahidi. Kwa 14 wengine, alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Ndipo jaribio la kungoja likaanza. Katika kundi la kwanza, watoto 9 walingoja dakika zote 15. Katika kundi la pili, alingoja mmoja tu.

Watoto hao hawakutofautiana kwa nia. Walitofautiana kwa kile walichofundishwa nusu saa kabla juu ya neno la mtu mzima. Mtoto aliyekimbia vita, aliyeahidiwa kurudi nyumbani « wiki ijayo » kwa miezi mingi, anapokula leo kilichopo leo, anafanya hesabu, na hesabu yake si mbaya. Kumwita mlafi ao asiye na utashi ni kusahau kutazama upande wa yule aliyeahidi.

Halafu kuna habari kutoka Kameruni ambayo inageuza mambo tena. Mwaka wa 2018, Bettina Lamm na wenzake walilinganisha watoto wa miaka 4 wa Wanso, jamii ya wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kameruni, na watoto wa mijini Ujerumani. Wanso walingojea andazi la pili, wale wa Ujerumani walingojea kitamu chao. Karibu 7 kati ya 10 upande wa Wanso walivumilia mpaka mwisho. Upande wa Ujerumani, karibu 3 kati ya 10. Wazazi wa Kiafrika wanaweza kutabasamu. Lakini watafiti walieleza matokeo hayo kwa malezi: mtoto wa Wanso anafunzwa mapema kutii na kutuliza hisia zake. Basi yule aliyengoja kwa sababu amezoea kutii, amengoja kwa hiari yake? Watoto wa darasa la sita wakipewa swali hilo, watagawanyika, na wale watakaosema « hapana » watakuwa na sababu nzuri kama wale watakaosema « ndiyo ».

Ubongo unapotangulia

Kwa vijana wa miaka 12 na zaidi, mara nyingi ugomvi unakuja na simu mkononi: wamesikia mahali fulani kwamba sayansi imekwisha kuonyesha kuwa hiari haipo. Jaribio linalotajwa ni la Benjamin Libet, lililochapishwa mwaka wa 1983 huko California. Watu waliketi wakitazama saa yenye nukta inayozunguka haraka, wakaombwa watikise mkono wakati wowote wanaopenda, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipohisi kutaka. Waya kichwani mwao zilionyesha kwamba ubongo ulianza kujitayarisha karibu nusu sekunde kabla ya mkono kutikisika. Hali ya kutaka, kwa maneno yao wenyewe, ilikuja baadaye, sehemu mbili tu za kumi za sekunde kabla ya tendo.

Jaribio linaweza kuigwa darasani bila waya. Kila mwanafunzi ainue kidole anapopenda, halafu aandike: ni wakati gani hasa nilikata shauri? Wengi watagundua kwamba hawajui. Hilo peke yake ni somo zuri.

Lakini habari haiishii hapo, na anayeisimulia nusu anawadanganya vijana. Libet mwenyewe hakusema hiari imekufa. Aliamini kwamba mtu anabaki na nafasi fupi ya kulizuia tendo lisitoke. Mwaka wa 2012, Aaron Schurger na wenzake walitoa maelezo mengine ya ile alama ya ubongo: pengine si uamuzi uliokwisha kupitishwa kisirisiri, ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka mpaka yanapofika kiasi fulani. Na kutikisa mkono bila sababu si sawa na kuamua kuacha masomo, kusamehe, ao kusema ukweli mbele ya polisi.

Kijana anayesema « si mimi, ni ubongo wangu » amerudi kwenye jibu la mukono, ila limevaa koti la daktari. Ubongo huo ni wa nani?

Matunda yaliyotupiwa nguruwe

Nyumbani, hata hivyo, neno linalosikika zaidi si ubongo. Ni shetani. « Ni shetani alinisukuma » husemwa na watoto kwa sababu wamelisikia kwa wakubwa, mara nyingine kwenye mimbari. Mzazi mwenye imani hahitaji kukana imani yake ili ajibu. Anaweza kumleta Augustino.

Augustino alizaliwa mwaka wa 354 huko Thagaste, katika inchi ambayo leo ni Algeria. Akiwa na miaka 16, aliiba na wenzake usiku matunda ya poire katika shamba la jirani. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwake kulikuwa na matunda mazuri zaidi. Walionja machache, mengine wakayatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima na askofu, aliandika kurasa nyingi juu ya wizi huo mdogo, akitafuta ni nini kilichomsukuma. Alikubali kwamba peke yake asingeiba, kundi lilikuwa na nguvu. Alikubali pia kwamba alipenda kosa lenyewe. Lakini hakusema hakuwa yeye.

Watoto wanaipenda hadithi hii kwa sababu wanaijua: maembe ya jirani, kundi la marafiki, kicheko cha usiku. Na Augustino ni shahidi mzuri kwa sababu alibishana pande zote mbili. Ujanani mwa ukristo wake aliandika kitabu kizima cha kutetea hiari. Baadaye, akigombana na mtawa Pelagio, alisisitiza kwamba bila neema ya Mungu hiari ya mtu haifiki mbali. Miaka zaidi ya 1000 baadaye Erasmo na Luther waligawana urithi huo, mmoja akitetea hiari mwaka wa 1524, mwingine akijibu mwaka wa 1525 kwamba utashi wa mtu umefungwa.

Waislamu wa Kasongo na Kindu wana mjadala wao uliofanana na huo, na wa kale vilevile: kati ya waliosema mtu hulazimishwa na kadari kama unyoya kwenye upepo, na waliosema mtu huumba matendo yake mwenyewe. Wanazuoni wa njia ya Ashari walitafuta neno la katikati: Mungu huumba tendo, mtu hulichuma, naye ataulizwa juu ya alichochuma. Mtoto wa madrasa anaweza kulielewa neno hilo kuliko mwanafunzi wa filozofia, kwa sababu anajua maana ya kuchuma.

Sheria ilipoweka mpaka

Mahali fulani mjadala lazima upate tarehe na namba, kwa sababu hakimu hawezi kungoja wanafalsafa wamalize. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto mwenye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji mbele ya sheria ya jinai, na hakuna ushahidi unaoweza kupindua kanuni hiyo. Hasara aliyoleta italipwa na mtu mzima anayemjibia. Tangu miaka 14 mpaka kabla ya 18, anapelekwa mbele ya mahakama ya watoto.

Kijana atauliza mara moja: kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa, kitu gani kinabadilika kichwani? Hakuna. Mpaka huo uliwekwa na watu, kama mpaka wa shamba, kwa sababu bila mpaka majirani wangepigana kila siku. Ni vizuri mtoto ajue kwamba hiari hukua pole pole, lakini sheria inalazimika kukata mahali pamoja.

Sheria hiyohiyo inamwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi, na Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inalikataza jambo hilo. Wengi wanaona hapo ulinzi dhidi ya kipigo tu. Kuna zaidi. Mtoto anayeitwa ndoki anaambiwa kwamba ameua usiku akiwa amelala, kwamba mabaya yametoka ndani yake bila yeye kutaka wala kujua. Hakuna tena swali analoweza kujibu. Akikana, ni uongo wa mchawi. Akikubali kwa sababu ya kuchoka, imethibitishwa. Hana usukani, hana mlango kati ya kutaka na kufanya. Kati ya mambo yote ambayo mtu mzima anaweza kumwambia mtoto juu ya hiari, hili ndilo baya kabisa.

Upande mwingine ni wa watoto wa vita. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kuwa na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika mapigano ya Ituri, mwaka wa 2002 na 2003. Baadaye alipewa kifungo cha miaka 14. Katika kesi hiyo ilibidi kujibiwa swali ambalo linasemwa mpaka leo katika mitaa ya Bunia: na wale waliokwenda wenyewe? Waamuzi walijibu kwamba ridhaa ya mtoto wa umri huo si utetezi kwa aliyemwandikisha. Mtoto anaweza kusema « nilipenda », na anaweza kuwa anasema kweli. Lakini aliyekuwa na njia mbili tu, kufa na njaa kijijini ao kula kambini, hakupewa uchaguzi wa kutosha kiasi cha kubebeshwa mzigo wake.

Kesi ngumu zaidi, ile inayofaa kubakizwa kwa wanafunzi wa miaka 15 ao 16, ni ya Dominic Ongwen. Alitekwa akiwa njiani kwenda shule kaskazini mwa Uganda, akiwa na miaka karibu 9, na waasi wa LRA, haohao ambao baadaye walimwaga damu na kuteka watoto katika Haut-Uele. Alilelewa na kundi hilo, akapanda vyeo, akawa kamanda. Watetezi wake walisema alikuwa chini ya vitisho na maradhi ya akili, kwamba hakuwahi kutoka katika utoto ule ulioibwa. Tarehe 4 Februari 2021, waamuzi walikataa hoja hizo na kumkuta na hatia ya makosa 61: alikuwa na madaraka, alipanga mashambulizi, na wengine kama yeye walitoroka. Mwezi wa Mei walipotoa adhabu, walirudi kwa yule mtoto wa njiani: utekwaji wake uliwekwa kwenye mizani, akapewa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha.

Wanafunzi wakisikia habari hiyo, darasa hugawanyika. Mwalimu asiharakishe kuwapatanisha. Awaulize ni siku gani yule mtoto aliyetekwa alikuwa mtu wa kujibu. Siku alipopewa bunduki? Siku alipompa mtoto mwingine bunduki? Alipopata nafasi ya kwanza ya kutoroka na kuiacha ipite? Mahakama haikulazimika kuitaja siku hiyo. Ilihukumu matendo ya tangu Julai 2002 mpaka Desemba 2005, na wakati huo Ongwen alikuwa amekwisha kupita miaka 20.